Synology DS423+ studio kwetu Tanga: boksi zuri, ila siku ya kwanza usimwachie fundi peke yake

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnasoma aya ya kwanza alafu mnaondoka zenu: Synology DS423+ (boksi la diski linalotunza faili za ofisi nzima kupitia netiweki) ni boksi zuri kwa studio au ofisi ndogo inayotunza kazi za watu, bei yake inauma, na uzuri wake karibu wote unategemea ile nusu saa ya kwanza pale unapotengeneza volumu, yani ile sehemu faili zitakapokaa. Nusu saa hiyo ikipita vibaya hakuna kitufe cha kurudi nyuma, ni kuhamisha kila kitu nje, kufuta, kuanza moja. Kwa hiyo boksi lenyewe nitalipitia haraka, setingi ndo nitakaa nazo, maana rivyu nyingi nilizoona zinasifia plastiki na vitaa vya mbele.

Studio yetu ipo Ngamiani, tunapiga harusi, sendofu, maulidi, mahafali, na pembeni tuna kazi moja naipenda kuliko zote, watu wanatuletea kaseti na albamu za zamani tuwaingizie kwenye kompyuta. Mnaijua Tanga na taarabu, kuna nyumba humu mjini bado wana kaseti za Black Star na Lucky Star kabatini zimefungwa na kitambaa. Sasa hizo ndo faili zilizonifanya nianze kujali mambo ya mfumo wa faili, ule utaratibu wa jinsi diski inavyopanga na kutunza faili. Harusi ya juzi bibi harusi ataifungua wiki hiihii, ikiwa na kasoro atakupigia simu kabla hujanywa chai. Lakini kaseti ya marehemu babu mtu anaweza akakaa miaka kumi hajaigusa, siku anaifungua imekatika katikati, na wewe huna hata habari iliharibika lini.

Kabla ya hapo tulikua tunaishi kwa eksteno, zile diski za nje za kuchomeka USB, kama studio zote. Rafu nzima, kila moja imebandikwa selotepu ya karatasi imeandikwa HARUSI USIFUTE, na ile isiyoandikwa kitu ndo ina kazi ya maana. Na kazi zenyewe zimenenepa: kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa, weka kamera mbili masaa manne ya shughuli hiyo GB 360, bado drono, bado picha, bado ile video ya shangazi wa bwana harusi anataka aletewe "yote, hata mlizokata".

Boksi lenyewe sasa. Limetoka 2023, lina nafasi nne za diski, prosesa ni Intel Celeron J4125 yenye koa nne, RAM inakuja GB 2 na unaweza kuongeza mpaka 6, chini kuna nafasi mbili za M.2 (za kuchomeka SSD ndogo), nyuma milango miwili ya netiweki ya gigabiti moja. Adapta ipo nje, hilo nimelipenda maana adapta ikifa unanunua adapta hufungui boksi. Linauzwa tupu, nasisitiza TUPU, diski unanunua mwenyewe, na diski nne nzuri zinaweza kuzidi bei ya boksi kwa hiyo piga hesabu ya vyote kabla hujaanza kulitangaza kwenye grupu. Sisi tuliagiza Dar likaja na basi, kama vitu vyote vya Tanga vinavyokuja. RAM ya GB 2 naiona ni ubahili wa watengenezaji kwa kitu cha bei hii. Ukitumia kwa kuhifadhi tu utasukuma, ukianza kuweka programu juu yake ongeza RAM mapema.

Spidi: gigabiti moja kinadharia ni MB 125 kwa sekunde, kwenye uhalisia ukipata 110 umepata yote, kwa hiyo TB moja inaingia kwa kama masaa mawili na nusu. Kwa kuediti moja kwa moja kutoka kwenye boksi faili za megabiti 100 zinataka MB 12 na nusu tu kwa sekunde kila mkondo, watu wawili wanaediti bila kugombana. Ila kwa kebo. Mtu anayeniambia anaediti kwa waifai toka chumba cha pili akae na imani yake.

Haya tuingie jikoni.

Ukiwasha mara ya kwanza na kuingia kwa brauza utakutana na Storage Manager, na pale kuna vitu viwili watu wanavichanganya, storeji puli na volumu. Puli ni diski zako zilizounganishwa pamoja, hapo ndo unachagua aina ya RAID, yani mpangilio wa diski kadhaa kufanya kazi kama moja. Volumu ni sehemu unayokata juu ya hiyo puli na kuiwekea mfumo wa faili. Folda za kushea ndo zinakaa ndani ya volumu. Ngazi tatu hizo, na kila ngazi ina uamuzi ambao ukishapita umepita. Fundi wa duka anabonyeza zote kwa sekunde arobaini huku anajibu WhatsApp.

Kwenye puli sisi tumeweka SHR, ni RAID ya Synology wenyewe, ukiwa na diski za saizi moja inafanya kazi kama RAID 5, diski moja ikifa data ipo. Faida yake inaonekana baadaye, ukitaka kubadilisha diski ndogo uweke kubwa moja moja kadri hela inavyopatikana, SHR inajua kutumia saizi zilizochanganyika, RAID 5 ya kawaida inahesabu zote kwa ile ndogo kuliko zote. Kibongobongo hakuna anayenunua diski nne kwa mpigo kila mara kwa hiyo SHR inatufaa. Diski nne za TB 4 zinakupa TB 12 kwa hesabu iliyoandikwa kwenye paketi ya diski, ila kwenye skrini utaona kama 10.9 kwa sababu mtengenezaji wa diski anahesabu kwa elfu na mashine inahesabu kwa 1024, hujaibiwa, usirudi dukani na ugomvi.

Na RAID 0 mtu asikwambie. Ndio inakupa nafasi yote na spidi, diski moja ikifa umepoteza zote. Nimesikia fundi anaisifia kwa mteja "kaka hii ndo unapata TB zako zote" nikanyamaza kwa adabu tu.

Sasa ngazi ya volumu, hapa ndo penyewe. Anakuuliza Btrfs au ext4. ext4 ni mfumo mkongwe wa Linux, umetulia tangu 2008, mwepesi, hauna maneno. Btrfs ilianzishwa pale Oracle 2007, ikaingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux 2009, na ilichukua miaka mingi watu kuiamini, hata kampuni ya Red Hat waliitoa kabisa kwenye toleo la 8 la Linux yao mwaka 2019. Kwa hiyo ukimkuta fundi mzoefu anaiogopa Btrfs usimcheke, ana sababu zake, na sababu kubwa ni kwamba RAID 5 ya Btrfs yenyewe ina udhaifu unaojulikana umeme ukikatika katikati ya kuandika. Ila kitu ambacho mafundi wengi hawakifuatilii ni kwamba Synology hawatumii RAID ya Btrfs. Chini wanaweka RAID ya kawaida ya Linux, ile ya mdadm iliyozoeleka miaka yote, alafu Btrfs inakaa juu kama mfumo wa faili tu. Kwa hiyo ule udhaifu unaotajwa sana hauhusiani na boksi hili.

Unachopata kwa Btrfs ambacho ext4 haikupi: snapshoti (kumbukumbu ya hali ya folda kwa wakati fulani), cheksamu ya data (namba ya kuhakiki kama data haijaoza), kwoota (kikomo cha nafasi) ya kila folda, na faili kujirekebisha yenyewe. Unachopoteza ni spidi kidogo na RAM kidogo. Kwa mtu anayetunza kazi za watu sioni hata cha kujadili hapo.

Kuna mwenzetu mmoja upande wa Chumbageni naye anapiga picha, alinunua boksi la ukoo huuhuu akafungiwa na fundi, kila kitu freshi, miezi ikapita akaja ananiuliza "bro mbona hiyo Snapshot Replication kwangu haioni volumu yoyote?" Tukafungua, ext4, imechukua puli yote mpaka tone la mwisho. Kwenye boksi hili hakuna njia ya kuigeuza ext4 iwe Btrfs na data ikiwa ndani. Ilibidi aazime eksteno kwa watu wanne tofauti, ahamishe, afute volumu, atengeneze upya, arudishe. Wikiendi nzima. Fundi alipopigiwa akasema "mi niliweka ile inayokuwaga". Ndo hivo.

Na hiyo ya kuchukua puli yote nayo iwekeni akilini. Volumu unaweza kuiongeza ukubwa wakati wowote kama puli ina nafasi, ila KUIPUNGUZA haiwezekani. Kwa hiyo kama una wazo lolote la kuja kutaka volumu ya pili usimpe ya kwanza nafasi zote siku ya kwanza. Sisi tumekata mbili, kubwa ya Btrfs kwa ajili ya kazi za wateja na kumbukumbu, ndogo ya ext4 kwa ajili ya kamera za ulinzi za mlangoni, na tukaacha kipande hakijagawiwa. Mtu atauliza kwa nini kamera ziwe kwenye ext4, kwa sababu kamera zinaandika na kufuta usiku na mchana, hakuna atakayekuja kuomba snapshoti ya kuku aliyepita uani saa nane usiku, pale unataka wepesi basi.

Kwenye kutengeneza volumu utaulizwa pia kama unataka kuifunga kwa usimbaji, kitu kilichoingia na DSM 7.2 (DSM ndo mfumo endeshi wa Synology). Hii nayo inachaguliwa pale pale wakati volumu inazaliwa, huwezi kuja kuiwasha baadaye. Sisi hatukuweka kwenye volumu, ila tuna folda moja yenye nakala za mikataba na vitambulisho vya wateja tumeifunga yenyewe kama folda. Angalizo moja, folda iliyofungwa hivo haikubali jina la faili zaidi ya herufi 143, na nyie mnavyopenda kuita faili HARUSI YA FULANI NA FULANI UKUMBI FULANI FAINALI FAINALI KABISA 3, mtakwama.

Ngazi ya tatu, folda. Hii ndo inawapita hata waliochagua Btrfs. Cheksamu haijiwashi kwa sababu tu volumu ni Btrfs, unaiwasha kwa kila folda ya kushea wakati unaiunda, kuna kiboksi cha kutiki ukurasa wa pili au wa tatu kule kwenye mipangilio ya ziada, na ukiunda bila kutiki ndo imetoka, itabidi uunde folda nyingine uhamishie. Cheksamu inavyofanya kazi ni kama lebo ya robota la mkonge, linapofungwa shambani linaandikwa uzito na daraja, likifika bandarini likipimwa likaja tofauti unajua huko njiani kuna kitu kimetokea. Kila kipande cha data kinaandikiwa namba yake, siku kinasomwa namba inapigwa tena, zisipolingana mfumo unajua kipande kimeoza. Na kwa kuwa chini kuna RAID yenye akiba, inatengeneza kipande kizima kutoka kwenye diski nyingine na kukirudisha, wewe unaletewa taarifa tu. Bila RAID yenye akiba itakwambia kimeoza lakini haitaweza kukitibu, kwa hiyo vitu hivi viwili vinaenda pamoja.

Ila faili ambalo halisomwi halipimwi. Ndo maana kuna skrabu, ile kazi ya kupitia puli nzima kipande kwa kipande, na hiyo unaipangia ratiba mwenyewe ndani ya Storage Manager. Sisi tumeweka kila baada ya miezi mitatu, inaanza usiku, na tumeiwekea masaa ya kufanya kazi isije ikaendelea mchana watu wanaediti maana diski zinakua bize kweli kweli. Kwa zile kaseti nilizosema mwanzo hii skrabu ndo ulinzi wenyewe, mtu hajafungua faili lake tangu tumpe lakini mashine inalipitia kila msimu. Kuna mama mmoja wa Makorora alituletea kaseti za mumewe, tukamaliza tukampa flashi, akasema "mwanangu na huko kwenye mashine yako isifutike maana hii flashi wajukuu wataipoteza." Shikamoo mama, haifutiki.

Msiwashe cheksamu kwenye folda ya kamera za ulinzi, databesi au kompyuta pepe (virtual machine) zinazokaa ndani ya boksi, vitu vinavyoandika vipande vidogo vidogo bila kupumzika, inapunguza spidi. Na ile tiki ya kubana faili kwa picha na video haina maana, JPEG na MP4 tayari zimebanwa tangu kwenye kamera, utaichosha prosesa bure.

Setingi nyingine ndogo ambayo nawaambia wote: kwenye mipangilio ya volumu kuna kurekodi muda faili lilivyofunguliwa mara ya mwisho. Inakuja ikiwa ya kila mwezi, kuna ya kila siku, kuna ya kutorekodi kabisa. Ukiiweka ya kila siku, basi siku yoyote ukifungua folda yenye picha elfu tatu mfumo unaandika vitu juu ya vitu hata kama hujabadilisha kitu, na kwa Btrfs yenye snapshoti maandishi hayo yanakula na nafasi. Sisi tumezima kabisa. Hatujawahi kuhitaji kujua picha ya keki ilifunguliwa lini. Palepale weka na onyo la nafasi kuisha, asilimia 20 ikibaki upigiwe kelele, kwa sababu Btrfs ikijaa sana inakua nzito na haina raha. Usisubiri ifike mwisho.

Snapshoti sasa, watu wanazipenda alafu zinawachanganya. Zinapiga picha ya hali ya folda kwa sekunde chache na mwanzoni hazichukui nafasi, zinachukua pale faili linapobadilika au kufutwa, kwa sababu kipande cha zamani kinabaki kimeshikiliwa. Dogo wa studio akifuta folda ya harusi (na atafuta, ni suala la muda) unaingia unairudisha ilivyokua saa moja iliyopita bila jasho. Lakini upande wa pili wa hiyo ni kwamba ukifuta GB 300 za kazi zilizokwisha kuchukuliwa, mita ya nafasi haisogei hata kidogo na utadhani boksi limeharibika. Halijaharibika, snapshoti zimeshika, zikiisha muda wake nafasi itarudi, na hata hapo inarudi taratibu nyuma ya pazia sio papo hapo. Kwa hiyo panga muda wa kuzitunza kulingana na kazi. Folda ya kazi zinazoendelea sisi tunachukua kila saa tunatunza siku chache, folda ya kumbukumbu mara moja kwa siku tunatunza muda mrefu maana humo hakuna kinachofutwa. Na kumbuka kuna na lile pipa la taka la kila folda, nalo lina nafasi yake, lipangie lijimwage.

Kwoota weka. Bila kwoota folda ya "muda" itameza volumu nzima, kila ofisi ina folda inaitwa muda na haijawahi kua ya muda. Kwa Btrfs unaipa folda kikomo chake tu, imeisha.

Diski. Hapa msije mkadanganyika na bei. Diski zinazoandika kwa mtindo wa SMR, mistari ya data imepandana kama vigae vya paa, ni za bei rahisi na kwa eksteno ya kawaida hazina neno, ila kwenye RAID siku unabadilisha diski na puli inajijenga upya zinakua nzito mno. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya WD Red zilikua SMR bila kuandikwa wazi, wakaja wakazitenga, sasa za CMR (mistari haipandani) zinaitwa WD Red Plus. Seagate IronWolf nazo ni CMR. Angalia namba kamili ya modeli kabla hujalipa, sio rangi ya stika. Na ukiweza usinunue zote nne kutoka boksi moja la siku moja, zikiwa na kasoro ya kiwandani zinaweza kuchoka pamoja.

Kwenye diski kuna kitu cha Synology kinaniudhi lazima niseme. Modeli zao za Plus za 2025 walizitoa na masharti kwamba diski ziwe zao au walizozithibitisha, watu dunia nzima wakapiga kelele, Oktoba mwaka huohuo na DSM 7.3 wakalegeza. DS423+ ni ya kabla ya hayo kwa hiyo haikuguswa, na ndo sababu mojawapo bado naisifu kuliko ndugu yake mpya DS425+, japo ile mpya ina mlango mmoja wa gigabiti 2.5 na hilo kwa wanaoediti ni jambo kubwa. Ila kampuni ikishakuonyesha inachotamani, kaa macho.

Nafasi za M.2 za keshi ya SSD (hifadhi ya haraka ya muda), kwetu hazina kitu na sijaona hitaji. Keshi inasaidia vifaili vidogo vidogo vinavyosomwa mara nyingi, video ndefu inasomwa mfululizo kutoka mwanzo mpaka mwisho haifaidiki. Keshi ya kusoma na kuandika inataka SSD mbili, na umeme ukikatika hapo unaongeza kitu kingine cha kuwaza. Hela hiyo nunua UPS, ile betri ya akiba ya umeme.

UPS sio pambo. Umeme wetu kila mtu anaujua, na boksi likizimika ghafla wakati linaandika ndo unakaribisha matatizo kwenye mfumo wa faili wowote ule hata uwe mzuri vipi. Chagua UPS yenye waya wa USB, unachomeka nyuma ya boksi, unaenda Control Panel kwenye mambo ya umeme unaiwasha, ikifika muda uliopanga boksi linafunga volumu kwa usalama lenyewe hata kama mpo ukumbini Raskazone mnapiga picha za keki. Kama huna UPS basi angalau zima keshi ya kuandika ya kila diski, spidi itashuka ila utalala.

Joto na chumvi navyo, maana hii ni Tanga. Synology wanasema boksi lifanye kazi kwenye nyuzi 0 mpaka 40. Januari mpaka Machi chumba kimefungwa hakina feni wala AC na kompyuta mbili zinarenda, 40 sio mbali. Msilifungie kwenye kabati la mbao lenye mlango eti lisionekane. Na kama upo karibu na bahari lisikae dirishani kwenye upepo, lile unyevu la chumvi linakula viunganishi polepole. Sisi lipo juu ya rafu ukutani upande wa ndani, feni zake mbili tumeziweka kwenye mwendo wa kupoza sio wa kimya, kelele kidogo lakini joto la diski limeshuka. Vumbi lipulizwe.

Usalama wa mtandao niupitie tu: usifungue poti za rauta ili uingie kwenye boksi toka nje. 2022 maboksi mengi ya QNAP, kampuni nyingine ya maboksi kama haya, duniani yalifungwa na wahalifu wa Deadbolt wakidai hela, na yaliyokua wazi mtandaoni ndo yaliyopata tabu. Tumia VPN au ile QuickConnect yao, zima akaunti ya admin, weka uthibitisho wa hatua mbili.

Kwa asiye na hela ya hili, DS224+ ina prosesa ileile na Btrfs ileile, nafasi mbili za diski tu, kila nilichosema kuhusu volumu na cheksamu kinafanya kazi vilevile na SHR ya diski mbili inakua pacha, TB 4 mbili unapata TB 4 moja. Kwa mpiga picha wa peke yake inatosha sana. Na anayependa kuchokonoa mwenyewe achukue kompyuta ya zamani aweke TrueNAS, programu ya kuigeuza kompyuta iwe boksi kama hili, inatumia mfumo wa faili wa ZFS ambao kwa cheksamu na snapshoti hauna mpinzani, programu ni ya bure, ila inataka RAM ya kutosha na hakuna wa kumpigia simu saa tano usiku harusi ni kesho. Mimi nilitaka kitu ambacho dogo wa studio anaweza kukisimamia nikiwa Lushoto na watu wa mapambo, na DSM kwa hilo sijaona wa kuishinda, menyu zinaeleweka na akikosea kuna onyo.

Watu wataniuliza kama sasa wanaweza kutupa zile eksteno. Hapana jamani. RAID, snapshoti, cheksamu, vyote vinakaa ndani ya boksi moja, mwizi akilibeba au maji yakiingia vimeondoka pamoja. Hyper Backup, programu ya nakala ya Synology, inapeleka nakala kwenye eksteno kwa ratiba na inatuma mabadiliko tu sio kila kitu upya, tunazo mbili zinapokezana, moja ipo studio moja ipo nyumbani Pongwe, Ijumaa zinabadilishana. Selotepu tumeiacha, zimeandikwa A na B.